Kusamehe si Kukaribisha

Kikao cha ukoo kinafanana kuanzia Tanga hadi Malindi, na bara vilevile. Wazee wamekaa, aliyekosa yuko karibu na mlango akitazama chini, na aliyekosewa huitwa mwisho, wakati maneno mengi yamekwisha kusemwa. Akiingia anaambiwa: mjomba wako amekiri, ameomba radhi, shetani alimpitia, msamehe, mwanangu, yaishe. Binti akijibu kwamba amesamehe, ila hatalala tena nyumba moja na mjomba huyo wala hatampelekea chai chumbani, kikao kizima kinamgeukia yeye. Msamaha gani huo wenye masharti?

Huulizwa kama swali lisilongoja jibu. Jibu lipo, tena la zamani, na limo katika vitabu vilevile ambavyo wazee wa kikao huvishika wanapoapa. Tumezoea kudhani kwamba habari za mipaka ya mtu binafsi zimeletwa na wanasaikolojia wa Marekani zikaingia kwa simu za vijana, na kwamba dini na mila zetu hufundisha kinyume chake: damu nzito kuliko maji, ndugu akikukosea umpokee kama jana. Ukizisoma mila hizo kwa utulivu, na ukawasoma hao Wamarekani kwa utulivu uleule, unakuta picha nyingine kabisa.

Tuanze na vita vya Uhud, mwaka 625. Mtumwa Mhabeshi aitwaye Wahshi alimvizia Hamza bin Abdul-Muttalib akamrushia mkuki. Hamza alikuwa ami yake Mtume Muhammad na nduguye wa kunyonya pia. Wahshi hakuwa na ugomvi naye. Bwana wake alimwahidi uhuru iwapo atamuua, kulipiza kisasi cha jamaa aliyeuawa Badr. Maiti ya Hamza ilikatwakatwa, na huzuni ya Mtume siku ile imesimuliwa na wengi. Miaka mitano baadaye Makka ilipofunguliwa, Wahshi alikimbilia Taif, kisha akaja kusilimu. Mtume aliupokea Uislamu wake. Hakumdai damu wala hakumrudisha alikotoka. Alimuuliza kama ndiye aliyemuua Hamza, naye akakiri. Halafu akamwomba jambo moja: kama anaweza, amwepushie uso wake.

Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na msimulizi wake ni Wahshi mwenyewe, akiwa mtu mzima anayeishi Hims, nchi ya Sham. Hilo la msimulizi lina uzito. Mpaka huo tumeusikia kutoka kwa yule aliyewekewa, na hausimulii kama mtu aliyeonewa. Aliendelea kuwa Muislamu, akaenda vitani Yamama, na kwa mkuki uleule akashiriki kumuua Musailima, aliyejidai utume. Sijapata kusikia sheikh yeyote akisema kwamba msamaha wa Mtume kwa Wahshi ulikuwa nusu. Mkosaji alipata haki yake ya kupokelewa katika jamii na kutoadhibiwa. Aliyeumizwa naye akabaki na haki yake ya kutolazimishwa kuutazama uso ule kila baada ya swala. Mambo mawili yamewekwa mahali pawili, na aliyeyatenga ndiye tunayeambiwa tumwige.

Mtu anaweza kusema Wahshi hakuwa ndugu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumweka mbali. Basi tumtazame Yusufu, ambaye waliomuumiza ni kaka zake.

Waislamu, Wakristo na Wayahudi wote wanakihubiri kisa hiki kama kisa cha msamaha, na wote huwa na haraka ya kufika kwenye machozi na kukumbatiana. Kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 42 hadi ya 45, hakina haraka hiyo. Ndugu waliomtupa kisimani wanakuja Misri kununua nafaka kwa mtawala wasiyemtambua. Yeye anawatambua papo hapo, lakini anasema nao kupitia mkalimani, ingawa lugha yao ndiyo aliyolelewa nayo. Anawaweka kizuizini siku tatu. Anambakiza Simeoni kifungoni. Wanapoanza kulaumiana juu ya yale waliyomtenda, bila kujua kwamba anawaelewa, anaondoka mbele yao analia, kisha anarudi. Safari ya pili anaingia chumbani kulia tena, ananawa uso, anatoka. Wakati wa kula, chakula chake kinaandaliwa peke yake.

Huyo mkalimani hana jina na sijasikia mhubiri akimtaja, lakini kwangu ndiye mtu wa maana kuliko wote katika sura hizo. Mtu aliyesikia sauti za kaka zake mara ya mwisho akiwa anauzwa, anazisikia tena baada ya miaka mingi, na kati yake na sauti hizo anamweka mtu. Kila neno analisikia mara mbili kabla ya kulijibu. Anapata nafasi ya kutoka chumbani akizidiwa. Na kwa muda wote huo anawapima: aliyetoa shauri la kumuuza alikuwa Yuda, na ni Yuda huyohuyo ambaye, kikombe kilipokutwa katika gunia la Benyamini, alijitolea kuwa mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo ndipo Yusufu alishindwa kujizuia akajitambulisha. Maneno ya majuto alikwisha kuyasikia mapema, na hayakutosha kumfanya ajitaje. Hata baada ya kukumbatiana, aliwapa makazi Gosheni, penye malisho, karibu naye lakini si chini ya paa lake.

Sura ya Yusuf katika Kurani ni fupi zaidi na mkalimani hayumo. Lakini humo pia anawatambua akajificha, na anawapa sharti: safari ijayo mje na ndugu yenu, la sivyo hamna nafaka kwangu. Inapokaa muda mrefu zaidi ni kwenye adabu ya baadaye. Anawaambia hawana lawama siku hiyo, na anapohesabu neema za Mungu anataja kutolewa gerezani bila kutaja kutolewa kisimani. Wafasiri wanasema hakutaka kuwaaibisha ndugu zake. Aya hii hupendwa sana vikaoni. Kinachosahauliwa ni kwamba aliyenyamaza alikuwa ameshika funguo za ghala la Misri, yu salama, na hakuna aliyemwamuru. Kumdai ukimya huohuo msichana wa kidato cha pili anayekula kwa mkono wa aliyemdhulumu ni jambo jingine, na sidhani kama tunalo neno la kidini la kulihalalisha.

Wanachuoni wa Kiyahudi walitunga sheria yenye kipimo kama kile cha Yuda. Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyeishi Fustat, Misri hiyohiyo, katika karne ya 12, aliuliza toba kamili ni ipi. Jibu lake: mtu akutane tena na nafasi ileile, awe na uwezo uleule, na asitende. Katika makosa ya mtu kwa mtu alitaka zaidi: kwanza lipa ulichoharibu, kisha nenda ukaombe radhi. Ukikataliwa, rudi na rafiki watatu. Ukikataliwa tena, rudi mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo mwache. Yeye humlaumu anayekataa mpaka mwisho, na hapo tunaachana, maana kuna madhara ambayo ziara tatu haziyafikii. Lakini tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Anayehesabiwa hatua ni mwombaji. Kwetu, mawakili wa mkosaji huruhusiwa kurudi kila Idi na kila Krismasi, na hesabu ya uvumilivu huandikwa upande wa aliyeumia.

Wakristo nao hutajiwa sabini mara saba, kutoka Mathayo 18. Wachache huongeza kwamba aya chache tu juu yake, katika sura hiyohiyo, Yesu ametoa utaratibu wa ndugu aliyekosa: umwonye mkiwa wawili, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa, na asiposikia hapo awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wingi wa msamaha na mlango wa kutokea vimewekwa ukurasa mmoja. Anayekata kipande kimoja akaacha kingine anafanya hivyo kwa sababu zake.

Kwa Waislamu hoja inayofunga mdomo ni ya siku tatu: si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya hapo. Hadithi ni sahihi na sina la kuipinga. Wanachuoni lakini hawakuisoma peke yake. Ibn Abd al-Barr wa Andalusia, karne ya 11, aliandika kwamba anayeogopa madhara ya dini au ya dunia kutokana na kuchanganyika na mtu ana ruhusa ya kujitenga naye, na kwamba kuachana kwa wema hushinda kukaa pamoja kwa kuudhiana. Wengi wao wanasema pia kwamba salamu peke yake inatosha kuvunja kuhamana. Salamu, basi. Kupakua chakula, kulala nyumba moja na kupanda gari moja kwenda harusini havimo.

Sasa tuje nyumbani, kwenye jiwe na chokaa. Nyumba ya zamani ya Lamu ilijengwa na watu waliojua sana habari za nani afike wapi. Mpita njia huishia daka, penye mabaraza pande mbili za mlango. Akikaribishwa anapita tekani, iliyopindwa makusudi ili jicho la mtaani lisifike ndani. Mgeni wa kiume mwenye heshima hukaa sabule. Mbele ni kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha wenyewe. Aliyepokewa daka hajatukanwa. Kahawa ataletewa palepale, habari za bahari na bei ya samaki zitaongewa, na atakwenda zake ameshiba heshima. Kinachonivutia ni kwamba nyumba hii haikubakiza hali mbili tu, ya kufungua na ya kufunga. Ina kina, na mtu huweza kuhamishwa kutoka kina kimoja hadi kingine bila kufukuzwa. Mjomba wa kikao chetu anaweza kuwa mtu wa daka kwa maisha yake yote yaliyobaki: anasalimiwa, anaulizwa hali, siku akifa jeneza lake linabebwa, lakini tekani haipiti tena.

Nisiisifu kupita kiasi. Ukuta ule na hodi ya mlangoni vilimtazama mtu wa nje, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ami, babu, baba wa kambo, kaka wa kunyonya, hawa hawabishi. Kwenye nyumba zilezile waliishi wajakazi na masuria ambao desturi ya wakati ule iliwapa wenye nyumba mamlaka juu ya miili yao; kwao huko ndani hakukuwa kimbilio. Anayeandika juu ya uzuri wa milango ya kuchongwa bila kuwataja hao ameandika nusu.

Hodi ya ndani, lakini, ilikuwepo pia, na tumeiacha sisi wenyewe. Sura ya Nur, aya ya 27 na 28, inawaamuru wageni wabishe, na wakiambiwa warudi, warudi. Aya ya 58 inageukia watu wa nyumba: watumishi na watoto waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Imam Malik katika Muwatta anasimulia mtu aliyemuuliza Mtume kama abishe hodi hata kwa mama yake. Akaambiwa ndiyo. Akasema, naishi naye nyumba moja. Ndiyo. Akasema, mimi ndiye ninayemhudumia. Jibu halikubadilika, na akaulizwa kama angependa kumkuta mama yake uchi. Hakuna undugu unaofuta hodi, hata wa kumzaa mtu. Sisi tumewafundisha watoto wamwamkie kila mkubwa na wakubali kupakatwa na kila anayeitwa mjomba, lakini mkubwa hatukumfundisha abishe kwa mtoto.

Juu ya hayo upo muhali. Aliyelelewa Pwani anajua jinsi ilivyo kazi kusema hapana machoni pa mtu ambaye mmechangia sinia. Muhali umewawezesha majirani kuishi kichochoro kimoja vizazi na vizazi, na mtu asiyeona muhali huku kwetu huhesabiwa kuwa hakulelewa. Lakini Zanzibar, kwenye kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto, wapelelezi na waendesha mashtaka wamelalamika miaka mingi kwamba muhali ndio unaozivunja: shahidi hafiki mahakamani, mama anabadili maelezo, kwa kuwa mshitakiwa ni wa nyumbani. Kisha jambo hupewa jina la sitara. Sitara ya dini, kwa ninavyoifahamu, ni ya dhambi iliyo kati ya mtu na Mola wake. Aliyemdhuru mwenziwe ana deni la mwenziwe, na deni halisitiriki kwa kumziba mdomo mdai.

Kwa mtu aliyepatwa na kiwewe, muhali humwangukia mara mbili, na hapa Wamarekani wana la kutufundisha. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili huko Massachusetts, aliwasikiliza kwa miaka wanawake waliodhulumiwa utotoni na baba zao, akalinganisha hali zao na za askari waliorudi vitani na za watu waliowahi kufungwa. Kitabu chake cha mwaka 1992 kiliigawa safari ya kupona katika vipindi vitatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Aliona kwamba aliyedhulumiwa kwa muda mrefu huyumba kati ya pande mbili, leo akimfungulia kila mtu kila kitu, kesho akijifungia hata kwa anayempenda. Mwili wake ulikwisha kujifunza, kwa gharama kubwa, kwamba kukataa hakusaidii, basi unaganda, au unakubali upesi ili hatari ipite. Unapomwambia mtu huyo ajifunze kusema hapana, unamwagiza kwenye kitu ambacho ndicho kilichovunjwa. Shirika la Afya Duniani sasa linaitambua hali hii: katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kuna aina ya athari za kiwewe ambayo mojawapo ya dalili zake ni ugumu wa kudumu katika mahusiano na watu.

Yaliyotufikia kwa simu ni mabaki ya mafundisho hayo. Kata mawasiliano, mfungie namba, linda amani yako. Herman hakuishia hapo. Usalama wake unaanza na mwili, usingizi na chakula, kisha unaingia kwenye nyumba, fedha na watu wa kutegemewa, na anasisitiza kwamba hakuna anayepona peke yake. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyezitibu familia huko Philadelphia, naye hakuiona mipaka kama ukuta wa mtu mmoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 alieleza familia zenye mipaka iliyofifia, ambamo kila mtu yumo ndani ya mambo ya kila mtu, zenye mipaka migumu mno, na zenye mipaka iliyo bayana. Mgonjwa wake alikuwa familia nzima. Na mwaka uleule wa 1992 Henry Cloud na John Townsend, wanasaikolojia wa kilokole wa California, walitoa kitabu chao juu ya mipaka, kilichouzwa kwa mamilioni, wakijenga hoja zao juu ya Biblia. Hata huko Marekani, basi, jambo hili lilipita kanisani na nyumbani. Halikuwa la mtu na kioo chake.

Ila wote hao, Herman kidogo kuliko wenzake, wanachukulia kwamba mtu ana mlango. Fikiri mwanamke aliyepanga chumba kimoja Manzese na mume, watoto na shemeji. Fikiri mjane wa Kisii ambaye shamba analolima liko kwa jina la ndugu wa marehemu, na ndugu huyo ndiye anayemtisha. Umfungie namba, halafu ulime wapi? Mpaka wa mtu kama huyu hauwezi kukaa juu ya ulimi wake tu. Lazima uwepo mwingine wa kuushika.

Ndiyo maana nawatazama Acholi wa kaskazini mwa Uganda. Huko, mtu wa ukoo mmoja akimuua wa ukoo mwingine, koo hizo mbili husimamisha mahusiano. Hawali pamoja, hawanywi pamoja, hawaoani. Hakuna anayeambiwa ana kinyongo kwa kukataa chakula cha upande wa pili. Kukila ndiko kungekuwa kosa. Kutengana huko hudumu mpaka mkosaji akiri, wazee wapatanishe, fidia ilipwe, na pande zote mbili zinywe mato oput, maji ya mzizi mchungu wa mti wa oput, kutoka kibuyu kimoja. Baada ya hapo wanakula pamoja. Hapa mpaka unatangulia, una masharti yanayojulikana na kila mtu, na unalindwa na ukoo mzima. Aliyefiwa hatakiwi kuwa shujaa kila asubuhi. Desturi inakataa kwa niaba yake.

Mila hii ilipata sifa kubwa duniani baada ya vita vya waasi wa Joseph Kony, na makubaliano ya Juba ya mwaka 2007, kati yao na serikali, yaliitaja kwa jina. Sifa hizo zilibeba zaidi ya mila yenyewe. Mato oput ilikuwa ya mauaji kati ya koo zinazofahamiana. Haikutungwa kwa ajili ya wasichana waliotekwa wakagawiwa makamanda msituni. Wengi wao waliporudi walipokewa kwa desturi nyingine, nyono tong gweno, ya kukanyaga yai ili aliyekaa mbali aingie nyumbani akiwa safi. Ni desturi ya ukarimu, na wapo walioliwazwa nayo. Lakini msichana anayekanyaga yai hajamkosea mtu. Yeye ndiye aliyevunjiwa, na yai halimwambii mbakaji wake akae umbali gani. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto kisha akawa kamanda wa Kony, alipohukumiwa miaka 25 huko The Hague mwaka 2021, makosa yake yakiwemo ndoa za kulazimisha, mawakili wake waliomba mila ya Kiacholi izingatiwe katika adhabu. Majaji walikataa. Nadhani walifanya sawa, kwa sababu mila inayoombwa na mkosaji bila ridhaa ya waathirika imekwisha kugeuzwa kichwa chini.

Afrika Kusini iliwahi kuligusa swali hilohilo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa msamaha wa kisheria kwa aliyesema ukweli wote juu ya kosa la kisiasa. Hakudaiwa majuto, na kibali cha familia ya marehemu hakikuhitajika. Jamaa za Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi wa ubaguzi wa rangi, walikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kupinga utaratibu huo, wakashindwa. Sheria ina haki ya kuamua kutofunga watu ili nchi isiungue. Haina uwezo wa kumsamehe muuaji kwa niaba ya mjane wa aliyeuawa, na nchi iliyotaka vyote viwili kwa pigo moja iliwaacha watu wengi na shuka la mtu mwingine juu ya msiba wao.

Turudi kwa binti wa kikao na maswali ambayo mila hizi zingeyauliza kabla ya kumwita ndani. Nani atakuwa mkalimani wake? Pwani tulikuwa naye: somo, mwanamke mzima asiye mama wala shangazi, ambaye binti humweleza yale asiyoweza kumwambia mzazi, naye huyafikisha. Somo wa leo amebakizwa kazi za unyago na harusi, lakini cheo chake kipo na kinaweza kupewa kazi hii: mjomba akiwa na la kusema, apitie kwa somo, na somo awe na ruhusa ya kusema hapana bila kurudi kuuliza. Mjomba ataishia wapi katika nyumba, na nani atamwambia? Akija msibani atakaa upande gani, na nani atakuwa na binti siku hiyo? Amekiri kwa nani zaidi ya kikao, maana kosa la jinai halina mwenyewe mmoja, na kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto? Watoto wengine wa nyumba hiyo wanalala wapi usiku wa leo?

Na lipo moja ambalo vikao vingi hulikwepa kwa sababu linagusa mfuko. Mara nyingi mjomba huyo ndiye anayelipa ada. Anapowekwa daka, ada nayo inabaki daka, na binti anajua hivyo kabla hata hajafungua mdomo; pengine ndiyo maana alinyamaza miaka yote. Kwa Acholi, fidia ya mauaji haikuwa mzigo wa muuaji peke yake. Ukoo wake wote ulichanga, kwa kuwa wote walikuwa wanainunua amani ileile. Wazee wanaotaka jambo liishe wana daftari la michango ya harusi na la michango ya misiba. Wafungue la tatu: ada ya mwaka huu na miaka iliyobaki, kodi ya chumba ikiwa lazima ahame, nauli ya kwenda kwa mnasihi na ya kwenda mahakamani. Likishajaa majina, ndipo wamwite, wamsomee, halafu wamuulize yeye anataka nini.